Mpelekeni mtoto uwanjani, lakini rudini naye wakati wa mapumziko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nizungumzie jambo ambalo kwa msomaji aliye nyumbani huenda likaonekana dogo, lakini sisi wazazi tunaozungumza Kiswahili na kulea watoto huku Marekani hutugawa kila unapoingia mwezi wa Agosti: je, mtoto wa mwaka mmoja na nusu au miaka miwili apelekwe kutazama mechi ya futiboli ya shule ya sekondari iliyo jirani, au abaki nyumbani alale? Nimelisikia likijadiliwa arusini, msibani na hata kwenye kundi letu la simu, na karibu kila mara mjadala huishia kwenye swali moja linaloulizwa kwa kejeli, kwamba mtoto wa umri huo anajua nini kuhusu mpira. Mimi naliona swali hilo kuwa zito kuliko wanavyodhani wanaoliuliza, na barua hii ni jibu langu.

Kwa wasomaji ambao hawajauona mchezo wenyewe, niseme kwanza kwamba futiboli ninayoitaja si kandanda. Ni ule mchezo wa Kimarekani wa wachezaji 11 kila upande, waliovaa kofia ngumu na pedi nene mabegani, ambao mpira wake umechongoka ncha mbili na hubebwa mikononi kuliko unavyopigwa teke. Shule za sekondari hucheza robo 4 za dakika 12, yaani dakika 48 kwa saa ya uwanjani. Lakini saa hiyo husimama kila mara, na ukijumlisha mapumziko na mengineyo, mechi iliyoanza saa 1 usiku huwaachia watu saa 3 na nusu. Vijana wanaocheza wana umri wa miaka 14 hadi 18, na nchi nzima ni kama milioni moja.

Siku yake ni Ijumaa, na Ijumaa hiyo inalindwa na sheria. Bunge la Marekani lilipopitisha mwaka 1961 sheria ya matangazo ya michezo, iliyoziruhusu ligi za kulipwa kuuza haki za televisheni kwa pamoja, liliziwekea sharti la kulinda mechi za vyuo, na mwaka 1966 likaongeza za sekondari: kuanzia Ijumaa ya pili ya Septemba hadi Jumamosi ya pili ya Desemba, ruhusa hiyo haitumiki zikirusha mechi zao Ijumaa jioni au Jumamosi kwenye vituo vilivyo ndani ya maili 75 kutoka mahali inapochezwa mechi ya sekondari au ya chuo. Ndiyo maana ligi kubwa huonekana zaidi Jumapili, na Ijumaa mtaa mzima hujikuta uwanjani kwa shule. Hapa Ohio ninakoishi kuna mji uitwao Massillon ambako kwa miaka mingi mtoto wa kiume alipozaliwa hospitalini, chama cha mashabiki wa timu ya sekondari kilimpa mpira mdogo wa futiboli. Watu hao hawakuuliza mtoto anajua nini, walishamjibia. Mimi wangu ni wa kike, na nilipompeleka mechini kwa mara ya kwanza alikuwa na miezi 19.

Mara ya kwanza nilimpeleka vibaya. Nasema hivyo mapema ili asije mtu akadhani naandika barua hii kama fundi wa jambo hili. Nilitoka kazini nimechelewa, mama yake alikuwa zamu ya usiku, na jirani yetu mmoja, mzee mstaarabu ambaye wajukuu wake wote wamepita katika shule hiyo, alikuwa amenialika mara tatu hata nikaona haya kumkatalia tena. Tulifika watu wameshajaa. Nafasi zilizobaki zilikuwa safu za juu kabisa za jukwaa, yale majukwaa ya alumini yaliyopangwa kama ngazi, ambayo unakalia ubao mmoja na kukanyaga mwingine, na kati ya ubao na ubao pana uwazi. Nikapanda naye mkononi, begi la nepi begani, nikajipongeza kwamba kutoka huko juu tutaona vizuri.

Tuliona vizuri mno. Kwa mtu mzima safu ya juu ndiyo bora, kwa sababu uwanja wenye urefu wa yadi 100, pamoja na maeneo ya mwisho ya yadi 10 kila upande, huonekana wote kwa mpigo, na mchezo huu usipouona mpangilio wake kutoka juu huufahamu. Lakini mtoto wa miezi 19 haangalii mbali. Kwa macho yake wale vijana 22 walikuwa vidoa vya rangi vilivyogongana, vikaanguka, vikasimama na kugongana tena. Alivitazama labda dakika tano, kisha akaanza kufanya kile ambacho kila mtoto wa umri huo hukifanya akiwa mahali penye ngazi: akataka kushuka. Alipofika safu ya chini yetu akataka kupanda. Alipopanda akataka kushuka. Waliokaa mbele yetu walikuwa watu wema, walimshika mkono na kumtabasamia, ila kwa robo nzima ya kwanza sikuona hata mara moja mpira ukirushwa, na naamini wao pia hawakuona mengi.

Kisha timu ya nyumbani ikapata tachidauni, yaani ikafikisha mpira kwenye eneo la mwisho la wapinzani na kupata alama. Sikuwa nimeambiwa na mtu yeyote kwamba katika shule hiyo, kila ifungapo, hupigwa mzinga nyuma ya goli. Mzinga wa baruti tupu, bila shaka, wala hauna hatari kwa aliye mbali. Lakini mlio wake uliupita umati, ukagonga jengo la shule na kurudi. Watu wakaruka kushangilia, jukwaa zima likatetemeka chini ya miguu yetu, bendi ikaanza kupiga. Binti yangu hakulia. Hilo ndilo lililonitisha. Alinishika shati kwa mikono miwili, akakakamaa, mdomo wazi bila sauti, akawa hivyo kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana, ndipo kilio kikatoka. Nilipomkumbatia kumfunika masikio, kiatu chake kimoja kikachomoka, kikadunda kwenye ubao na kupotelea katika ule uwazi.

Nikashuka naye, nikazunguka nyuma ya jukwaa kukitafuta kiatu. Nawaomba wazazi wenzangu, kabla hamjakaa na mtoto kwenye jukwaa la namna hiyo, mwende kwanza mkatazame chini yake. Mwanga wa taa ulishuka kwa mistari kati ya mbao, na katika kila mstari nikaona nyayo za watu, vikombe vilivyoanguka, bisi, glavu ya mtu, na juu kabisa, mahali tulipokuwa tumekaa, mwanya ambao kiatu kilipita. Nilisimama pale na kiatu mkononi nikiupima kwa macho. Kichwa cha mtoto hakikuweza kupita hapo, lakini pembeni, mahali jukwaa lilipokutana na kizuizi cha nyuma, palikuwa na mwanya mwingine mkubwa zaidi, na hapo sikuwa na uhakika.

Baadaye nilisoma kuhusu jambo hili, na nilichokisoma nadhani kila mzazi anastahili kukijua. Tume ya Marekani inayoshughulikia usalama wa bidhaa za walaji ilitoa mwaka 2000 mwongozo wa kukarabati majukwaa ya zamani, unaotaka majukwaa yenye kimo cha inchi 30 au zaidi kutoka ardhini, yaani kama sentimita 76, yawekewe vizuizi vya pembeni na nyuma, na mianya yake isiruhusu kupita tufe la inchi 4, sawa na sentimita 10 hivi. Kipimo hicho cha inchi 4 kimewekwa kwa ajili ya miili ya watoto wadogo hasa. Ila ni mwongozo tu. Jimbo la Minnesota lina sheria yake kuhusu majukwaa, lakini kwingine mara nyingi mambo hutegemea umri wa jukwaa, bajeti ya shule na kama kuna mtu aliyewahi kuuliza. Mzazi hahitaji futi kamba kujua hali ilivyo: ngumi ya mtu mzima ina upana unaokaribia inchi 4, na panapopita ngumi yako kwa urahisi, usimkalishe mtoto karibu napo.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa wanaouliza mtoto anajua nini ni kwamba anajua kushuka, kupanda na kuingiza mguu penye tundu, na anayempeleka uwanjani ampangie mahali kwa kuzingatia hayo. Si safu ya juu. Ni chini, kwenye nyasi kama zipo, nje ya uzio unaozunguka uwanja, upande wa pembeni ambako umati ni mwembamba. Shule nyingi zina kipande kama hicho, na ukikitafuta utawakuta wazazi wengine wenye vigari wameshakivumbua. Usimsimamishe mtoto kandokando ya mstari hata ukikuta njia iko wazi, kwa maana kijana wa kilo 90 anayefukuzwa na wenzake wawili hasimami penye mstari.

Jibu la pili linahusu masikio, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndipo wenzangu wengi wanaponibishia. Husema kwamba watoto wa kwetu wamezaliwa penye ngoma na matarumbeta na hawajawahi kuziba masikio. Ni kweli, na mimi mwenyewe ni mmoja wao. Lakini mfanyakazi mtu mzima hapa Marekani anashauriwa na taasisi ya taifa ya usalama kazini asizidishe saa 8 kwa siku katika kelele za desibeli 85, na kila kelele inapopanda kwa desibeli 3 muda huo hupungua nusu: desibeli 88 ni saa 4, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Bendi ya shule yenye matarumbeta na ngoma, ukiwa umekaa mbele yake, huipita 85 bila taabu, na umati ukishangilia juu yake hali huwa mbaya zaidi. Ikiwa mtu mzima mwenye mwili ulioiva anapangiwa dakika, sioni sababu ya mtoto asiyeweza hata kusema sikio linamuuma kuachiwa saa mbili na nusu.

Wamarekani wenyewe walijifunza hili mbele ya televisheni. Mwezi Februari 2010, timu ya New Orleans Saints ilipoifunga Indianapolis Colts 31 kwa 17 katika fainali ya ligi ya kulipwa, nahodha wake Drew Brees alimwinua mwanawe, aliyekuwa ametimiza mwaka mmoja wiki chache kabla, huku vikaratasi vya rangi vikiwamwagikia. Na mtoto huyo alikuwa amevaa vifunika masikio vikubwa, mithili ya vile vya wafanyakazi wa uwanja wa ndege. Picha hiyo ilizunguka dunia, na hata leo ukiona mtoto amevaa hivyo uwanjani, mtu wa makamo atakutajia jina la Brees. Nilinunua vya dola 20. Viwe vya kufunika sikio lote kutoka nje, wala si vile vidogo vya sponji vya kuchomeka ndani, maana mtoto wa umri huo akikitoa sikioni kitu anakipeleka kinywani. Na vivaliwe nyumbani kwanza, siku mbili tatu, kwa mchezo, baba naye avae kitu kichwani. Ukimvika kwa mara ya kwanza getini, atavitupa.

Kuhusu chakula nitapita haraka. Bisi, karanga na soseji ni miongoni mwa vinavyouzwa kwenye kibanda cha shule, na ndivyo hasa madaktari wa watoto wanavyokataza kwa watoto walio chini ya miaka 4 kwa sababu ya kukaba koo, soseji hasa zikiwa nzima au zimekatwa vipande vya mviringo. Beba chako. Ukiwa na begi, uliza kabla ya kwenda, kwa kuwa shule nyingi siku hizi hukataa mabegi yasiyoonyesha kilicho ndani, ingawa la nepi kwa kawaida huruhusiwa baada ya kukaguliwa.

Tulirudi mara ya pili wiki mbili baadaye. Mama yake mtoto alidhani nimepagawa, na mama yangu mzazi, niliyemsimulia kwa simu, aliuliza kama huku hakuna mtu mzima wa kunionya. Safari hii tulifika saa 12 kasorobo jioni, saa nzima na zaidi kabla ya mechi, wakati jua bado lipo na maegesho ni matupu. Sikujua kwamba huo ndio wakati wenyewe. Nyuma ya jengo la shule bendi ilikuwa ikijinoa, vijana kama sitini hivi wenye sare zilizofunguliwa vifungo kwa joto, kila mmoja akipiga lake, na kelele yake, kwa kuwa haikuwa na ukuta wala umati, ilitawanyika hewani. Tukasimama mbali, kisha tukasogea kidogo, kisha kidogo tena. Binti yangu ndiye aliyekuwa akivuta mkono.

Kijana mmoja aliyebeba ngoma kubwa kifuani, ile ya sauti nzito, alituona. Hakusema neno. Alipiga goti moja chini hadi ngoma ikawa sawa na uso wa mtoto, akaelekeza kwa kidevu kwamba anaweza kugusa. Binti yangu akaweka kiganja chote juu ya uso wa ngoma. Kijana akagonga upande wa pili kwa ncha ya kidole, polepole, mara moja. Mtoto akautoa mkono, akaugeuza, akatazama ndani ya kiganja chake kuona ni kitu gani kimeingia humo, kisha akaurudisha palepale na kusubiri. Wakafanya hivyo mara saba au nane, hadi mwalimu alipopuliza kipyenga na vijana wakajipanga mistari. Tangu siku hiyo nimeacha kuona aibu ninapoulizwa mtoto anajua nini kuhusu mpira. Hajui lolote kuhusu mpira. Alikuja kwa ajili ya ngoma, na ngoma ilikuwapo.

Mechi ilipoanza tulikuwa kwenye nyasi nje ya uzio, vifunika masikio kichwani, blanketi chini. Alichokitazama zaidi ni wale wazee wa pembeni wanaobeba nguzo za rangi ya chungwa zilizounganishwa kwa mnyororo wa yadi 10, ambao huingia uwanjani kupima kama timu imesogea kiasi kinachotakiwa. Kila walipotembea alisimama, waliposimama akakaa. Kwake yeye nadhani hao ndio waliokuwa wakicheza, na wale wengine waliokuwa wakianguka walikuwa wakiwafanyia fujo. Mzinga ulipopigwa, maana timu yetu ilifunga tena, nilikuwa nimejua dalili zake: mara tu mpira ulipokaribia mstari nilimnyanyua, nikamgeuza uso kifuani kwangu na kumwambia kwamba kutatoka mlio. Alishtuka, akanitazama usoni, akaona nacheka, akatulia.

Nisiwafiche kwamba sikuiona mechi. Nimefuatilia mchezo huu miaka kadhaa sasa na ninaupenda, na kuna Ijumaa natamani kukaa safu ya juu nione namna ulinzi unavyojipanga. Anayetaka hilo akae na wenzake, mtoto amwache kwa mwenzi au kwa jirani. Nimewaona akina baba waliokuja na mtoto na kutaka vyote viwili, macho uwanjani na mkono mmoja umeshika kola ya shati la mtoto, na sijamwona hata mmoja aliyefurahia kimojawapo. Kumpeleka mtoto wa umri huo mechini ni kumtazama mtoto mahali penye mechi.

Sasa nifike kwenye la kuondoka, ambalo ndilo lililonipa kichwa cha barua hii. Wataalamu wa usingizi wa Marekani, katika mapendekezo waliyoyatoa mwaka 2016 na kuungwa mkono na chama cha madaktari wa watoto, wanasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Mtoto anayeamka saa 12 asubuhi na kurudi kutoka uwanjani saa 4 usiku hapati saa hizo, na anayelipa ni yeye na nyie nyote Jumamosi nzima. Lakini mapumziko ya mechi huwa yapata saa 2 na robo, na katika mapumziko hayo bendi huingia uwanjani na kupiga ikitembea, ikijipanga na kujipangua kwa maumbo mbalimbali, na hicho ndicho kilele cha jioni kwa mtoto. Bendi ikitoka uwanjani, nanyi tokeni. Barabara ni nyeupe, maegesho hayana msongamano, na mtoto husinzia kabla hamjafika kwenye taa za kwanza.

Hapa pana vikwazo viwili, kimoja cha watu na kimoja cha shule. Cha watu ni maneno. Mara tatu nimeulizwa getini kama timu yetu imeshaniudhi kiasi hicho, na mara moja mtu aliyekuwa ameketi nyuma yetu alisema kwa sauti ya kusikika kwamba asiyeweza kukaa hadi mwisho asije. Nilimwamkia nikapita. Cha shule ni kizito zaidi. Shule nyingi zina kanuni kwamba ukishatoka huruhusiwi kurudi kwa tiketi ileile, na najua sababu yake, kwani vijana wangetoka kwenda kufanya mambo mengine kwenye magari. Lakini kanuni hiyo ikitumika bila jicho la mtu, mzazi aliyesahau nepi garini hulazimika kulipa upya, au hubaki ndani na mtoto aliyechafuka. Ilinitokea. Kijana wa getini alinionea huruma, ila alikuwa ameagizwa, na mkubwa wake hakutaka kusikia. Nikalipa tena dola 8 kwa dakika nilizokuwa nimebakiwa nazo. Si pesa ya kumfilisi mtu, lakini ni ya kumfanya asirudi, hasa mwenzetu aliyefika nchini mwaka huu na ambaye bado anahesabu kila dola kwa kuibadilisha kichwani.

Na ni huyo mwenzetu hasa ninayemwandikia. Najua wengi wetu hatuendi kwa sababu mchezo wenyewe hatuujui, kelele zake hazitualiki, na Ijumaa usiku tumechoka. Hata hivyo shule hiyo ndiyo mtoto atakayoisoma miaka 12 au 13 ijayo, na jambo moja nililolipata kwa kusimama kwenye nyasi zile ni majirani. Kwenye jukwaa mtu hutazama mbele. Kwenye nyasi, kila mtu ana mtoto anayekimbilia kwa mtoto wa mwenzake, na huwezi kumrudisha mtoto wa mtu bila kuuliza jina lake. Katika Ijumaa nne nilijuana na wazazi wengi kuliko katika miaka miwili ya kupungiana mikono kutoka kwenye magari. Mmoja wao ni muuguzi, na ndiye aliyenieleza la bisi.

Ninachowaomba wazazi wenzangu ni kwamba tusiishie kulalamika kwenye kundi la simu. Shule hizi huendeshwa na bodi zilizochaguliwa na wakazi, vikao vyake ni vya wazi, na katika vikao hivyo mkazi kwa kawaida hupewa dakika chache za kusema. Nilikwenda. Niliomba mambo matatu yasiyogharimu kitu kikubwa: kipande cha nyasi nyuma ya uzio kitengwe kwa wenye watoto wadogo, mtangazaji aseme kabla ya mechi kwamba kutakuwa na mzinga na uko upande gani, na anayetoka na mtoto mdogo agongwe muhuri mkononi ili aweze kurudi. Niliomba pia mtu apite na kipimo kwenye ile mianya ya nyuma ya jukwaa. Kiingereza changu kilitetemeka kidogo, lakini nilikuwa na kile kiatu mfukoni, nikakiweka mezani mbele yao, na mjumbe mmoja akakichukua na kukigeuzageuza kwa muda mrefu bila kusema neno.

La muhuri limeshakubaliwa. Mianya ya nyuma imezibwa kwa mabati mapya upande wa nyumbani, upande wa wageni bado. La mtangazaji nimeambiwa litafikiriwa, na la nyasi linasubiri msimu ujao. Ijumaa hii timu inacheza ugenini, kwa hiyo tutakuwa nyumbani na binti yangu atalala mapema. Ijumaa inayofuata tutakuwepo saa 12 kasorobo, nyuma ya jengo, bendi inapojinoa, na msomaji yeyote aliye karibu na mwenye mtoto wa rika hilo anakaribishwa; vifunika masikio vya akiba ninavyo jozi moja.

Wenu msomaji,
Baba wa mtoto mmoja,
Ohio, Marekani